Kicheko cha Pili

Kikombe cha mgeni kilikuwa cheupe, cha bati, chenye ukingo wa buluu uliobanduka mahali pamoja tu, karibu na mkono wake. Kila Jumatano asubuhi Murekatete alikisugua kwa majivu, akakisuuza, akakijaza maziwa yaliyochemshwa, kisha akakifunika kwa kitambaa cha kufuma na kukiweka juu ya meza ndogo mbele ya kanisa la chuo, kando ya kiti pekee chenye mto. Alikwisha kukijaza kwa ajili ya wachungaji kutoka Goma, wakaguzi wa shule, na hata daktari mmoja wa mifugo aliyehubiri juu ya kondoo aliyepotea, akaanza kwanza kueleza magonjwa yote ambayo kondoo huyo angeweza kuyapata huko nyikani. Yeye mwenyewe hakuwahi kukinywea. Hakuna aliyemkataza. Kilikuwa kikombe cha mgeni, naye alikuwa mwenyeji.

Jumatano hiyo mgeni alikuwa Daphrose.

Murekatete alilikuta jina hilo kwenye ubao wa matangazo tangu Jumatatu, katika mwandiko wa duaraduara wa Mchungaji Gakwaya, mkuu wa chuo: Mgeni wetu wa wiki, Mwalimu Daphrose, kutoka Walikale. Alilisoma akiwa amekumbatia vitabu vya maktaba, na kitu kikamkwama kifuani kama tonge la bugali lililomezwa kabla ya kutafunwa. Alisimama pale mpaka mwanafunzi mmoja akamwomba ampishe, na yeye asome.

Walikuwa wamelala chumba kimoja miaka yote ya masomo. Murekatete alikuwa binti wa wafugaji wa Kirolirwe, watu wa maziwa na jibini; Daphrose alitoka Kibabi, kwa wakulima walioung'ang'ania mteremko wa kilima na maharage yao. Chakula walichangia: maziwa ya mmoja, maharage ya mwingine. Kifaransa kilikuwa cha mmoja tu. Daphrose alifika chuoni akikizungumza kama anayevuka mto juu ya gogo, na ni Murekatete aliyemshika mkono jioni baada ya jioni, akamwonyesha mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kunyamaza, na namna ya kuinua sauti mwishoni mwa sentensi ili msikilizaji asisinzie. Walipohitimu, nafasi ya kazi chuoni ilikuwa moja: kutunza maktaba na kutafsiri ibada za Jumatano. Akapewa Murekatete. Daphrose alipelekwa na kanisa kufundisha katika kijiji kimoja cha Walikale, ndani ya msitu, mahali ambapo pikipiki huishia na miguu ikaanza. Siku ya kuagana walilia wote wawili. Ila machozi ya Murekatete yalikuwa na utamu kidogo ndani yake, yale machozi ya mtu anayemlilia mwenzake akiwa amesimama upande mzuri wa mlango.

Na sasa aliyepelekwa porini alikuwa anarudi kukalia kiti chenye mto.

Desturi ya chuo ilikuwa ngumu kuliko mawe ya msingi wake: mgeni huhubiri kwa Kifaransa. Awe amezaliwa bonde la jirani, awe amebishana na dereva kwa Kiswahili njia nzima kutoka Sake, akifika mbele ya kanisa lile hukivaa Kifaransa kama koti, na mkalimani husimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma. Wanafunzi walikaa mbele. Wengi wao walikifahamu Kifaransa, angalau cha kutosha. Nyuma walikaa watu wa kilimani: akina mama wa sokoni, wachunga ng'ombe walioacha fimbo zao mlangoni, wazee waliofuata habari za njia zaidi ya habari za mbinguni. Hao ndio waliomhitaji mkalimani. Lakini Mchungaji Gakwaya alikuwa na sababu yake nyingine, na aliipenda kiasi cha kuirudia kila mwanzo wa mwaka.

"Mugeni bila mkalimani iko kama ng'ombe bila kengele," alisema. "Anapita, hakuna muntu anageuka."

Kwa desturi hiyo, kila mzaha wa mgeni ulichekewa mara mbili. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha mbele, cha wanafunzi, kifupi na chenye kujionyesha. Kisha Murekatete aligeuza maneno, na kicheko cha pili kikaanzia nyuma, kikanyanyuka, kikawarudia hata wale waliokwisha kucheka. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa daima. Kilikuwa chake. Alijua kulinyoosha neno lililokunjamana, kulitia chumvi pale mgeni alipoisahau. Mgeni akiinua mkono, mkono wake uliinuka. Mgeni akitetemeka sauti, sauti yake ilitetemeka. Akina mama walisema waziwazi kwamba wahubiri wengine wangefaa kubaki kwao na kumtuma Murekatete maneno yao kwa simu.

Ndani ya kichwa chake lakini alikuwa na mahubiri yake mwenyewe. Yalikuwa juu ya Haruni, ndugu yake Musa, aliyekuwa kinywa cha mwenzake mbele ya Farao. Maisha yake yote alisema neno la mwingine, na hakuna aliyemuuliza kama yeye mwenyewe alikuwa na neno. Murekatete aliyapika mahubiri hayo akipanga vitabu na akifagia. Aliyajua mpaka vituo vyake. Siku moja alimdokezea Mchungaji Gakwaya kwamba, kama ingetokea Jumatano mgeni akakwama njiani, labda yeye angeweza kujaribu. Mchungaji alicheka, kicheko cha upole cha mtu asiyejua kwamba amekanyaga kitu.

"Binti yangu," alisema, "ukihubiri weye, nani atakutafsiri?"

*

Daphrose alifika siku hiyo hiyo ya ibada, mapema, juu ya lori la magunia. Alikuwa na buti za mpira zilizofika karibu na magoti, amekonda, ngozi ya uso imeshika rangi ya mahali pasipo jua. Walikumbatiana uani, wakagusana mashavu.

"Dada, umenona," alisema Daphrose.

"Ni maziwa. Weye umekauka."

"Pori inakula muntu polepole. Inaanzia mashavu." Akacheka, kisha akamshika Murekatete mkono na kumvuta kando ya ukuta. "Sikia. Sikukuja kutembea. Nimekuja kutafuta mwalimu."

Alieleza kwa haraka, huku akitazama mlango wa ofisi. Watoto walikuwa wameongezeka hata hawawezi kukaa chini ya paa moja. Alikuwa amefundisha wakubwa asubuhi na wadogo mchana mpaka sauti ikamwisha, na wazazi walikuwa wamechoka kungoja zamu. Kama muhula ungeanza akiwa peke yake, wadogo wangerudi kwenye mashimo ya madini kubeba mchanga, kama walivyokuwa kabla yake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa karibu kuhitimu. Mmoja tu angetosha.

"Pasta amenipatia ibada hii tu," alisema. "Kesho asubuhi lori inarudi. Mie nitasema, lakini weye njo watakusikia. Watoto ya hapa iko na haya. Hakuna anasimama kama nyuma kuko kimya. Nyuma ikichangamuka, mbele inasimama. Unajua vile. Sauti yako njo itaniletea muntu."

Murekatete alijua vile. Maneno hayo yangemfurahisha siku nyingine yoyote. Leo yalimwingia kama maagizo kwa mpagazi.

"Nitafanya kazi yangu," alisema.

Daphrose alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Lakini Mchungaji Gakwaya alikwisha kutoka nje, mikono imefunguka, akiita "Mwalimu wetu!", neno ambalo Murekatete hakuwahi kuitwa. Akamwongoza mgeni mpaka kwenye kiti. Akaondoa kitambaa cha kufuma kwa vidole viwili, akakiinua kikombe, akampa Daphrose kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Huyu ni tunda la mti wetu," aliwaambia wanafunzi waliokuwa wakiingia. "Na Murekatete atamtafsiri, kama kawaida."

Kama kawaida. Maziwa yale alikuwa ameyachemsha yeye, akayatoa utando, akayaonja kwa ncha ya kijiko.

"Dada Mureka," alimnong'oneza Manzi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana mwembamba ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko, "leo unatafsiri mwenzako wa chumba? Si njo kujitafsiri mwenyewe? Jiangalie usijikosoe."

Alimwonyesha Manzi meno, na Manzi akaona ni tabasamu.

*

Daphrose alisimama. Alingoja nyimbo zizame, akatazama mbele, akatazama nyuma, akavuta pumzi. Na Murekatete, akiwa nusu hatua nyuma, akaijua pumzi ile. Aliifundisha yeye. Kisha kikaja Kifaransa, nacho kilikuwa chake: kunyamaza kulikuwa kwake, kule kuinua sauti mwishoni kulikuwa kwake. Mtu alikuwa amesimama mbele ya watu akiwa amevaa nguo zake, tena zimemkaa vizuri.

Nilipotoka hapa, alisema Daphrose, nilibeba vitu viwili: sanduku na machozi. Sanduku liliibiwa mara tu tulipoingia Walikale. Machozi hakuna aliyeyataka, nikafika nayo.

Kicheko cha kwanza kilitoka mbele, kizuri. Nyuma walimgeukia Murekatete, midomo imeshaanza kufunguka.

"Anasema safari ilikuwa ngumu," alisema Murekatete, "na mzigo wake uliibiwa."

"Pole, mama," alijibu mzee mmoja wa nyuma. Akina mama wakaguna kwa huruma. Hakuna aliyecheka.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. Hakusema uongo; mzigo kweli uliibiwa. Alikuwa ameacha tu chumvi jikoni. Akahisi utamu, ule ule wa siku ya kuagana, na chini ya utamu ule kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama. Mikono yake, ambayo kila wiki ilifuata mikono ya mgeni, aliifunga nyuma ya mgongo.

Daphrose akaendelea. Alisimulia juu ya siku ya kwanza ya shule, turubai likiwa paa, magogo yakiwa viti, na hakuna mahali pa kuandika. Mtauliza, alisema, msituni mnakosa mbao? Mbao zimesimama pande zote, lakini wenye misumeno walikuwa wamekimbia, na walikimbia na misumeno yao. Basi asubuhi moja alimwona Papa Hilaire, mkulima wa ndizi mwenye wajukuu wanne, anakuja amebeba mlango kichwani. Aling'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Wakausugua, wakaupaka makaa ya betri kuukuu yaliyosagwa pamoja na maji ya sombe, majani ya muhogo, wakauegemeza kwenye mti. Ulikuwa msimu wa mvua. Papa Hilaire alitundika gunia mahali pa mlango, na kila upepo ulipovuma mvua iliingia kulala naye. Daphrose alikuwa amepanga kutoroka mwisho wa mwezi ule. Lakini kila alipofunga mzigo aliuona mlango ule mbele ya watoto, bado na tundu la kufuli, na akashindwa kujua angemwambia nini mwenye nyumba. Baadaye mbao zilipopatikana, alimrudishia. Mzee akakataa kuupokea. Mlango umekwisha kuwazoea watoto, alisema. Nyumbani utaona upweke.

Wanafunzi wa mbele walicheka, kisha wakanyamaza kwa namna ambayo kila mhubiri huiombea usiku kucha. Nyuma waliona kwamba kuna kitu kikubwa kimepita. Mama Nyirabagenzi, mwuza maharage ambaye sikio lake la kulia lilikuwa zito, alikunja kiganja nyuma ya lile la kushoto na kumwelekea Murekatete.

"Anasema walipata ubao," alisema Murekatete, "kwa shida kidogo. Mzee mmoja aliwasaidia."

Mama Nyirabagenzi aliteremsha kiganja.

Mbele, Manzi alikunja uso, akamtazama jirani yake, akamtazama tena mkalimani. Mchungaji Gakwaya, aliyekijua Kifaransa kuliko wote, alikohoa na kukitazama kiatu chake. Daphrose hakugeuka. Lakini Murekatete aliona ngozi ya shingo yake ikijikaza, na ndipo, kwa kuchelewa, akakumbuka jambo ambalo wivu ulikuwa umemfichia: mgeni huyu alikielewa Kiswahili. Kila neno lililoachwa, alikuwa amelisikia likianguka.

Hata hivyo hakuacha. Alikwisha kushika mteremko.

Sentensi iliyofuata ilikuwa ndiyo iliyomleta Daphrose juu ya magunia yale. Aliisema polepole. Nina watoto wengi na mikono miwili, alisema. Muhula ukianza nikiwa peke yangu, wadogo watarudi kwenye mashimo. Natafuta mwalimu mmoja. Anaweza kuwa amekaa katika safu hii ya mbele, na lori linaondoka kesho.

Akanyamaza, akampisha.

"Anasema," alisema Murekatete, na sauti yake mwenyewe ikamfikia kutoka mbali, "kazi ya ualimu ni kazi nzuri, na Mungu anaipenda."

"Amina," walisema nyuma, kwa adabu.

Mbele hakuna aliyesimama. Wanafunzi waligeuka kutazama nyuma, wakakuta nyuso tulivu za watu waliosikia jambo la kila siku, wakarudisha macho yao magotini.

Daphrose aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu ibada ianze walitazamana uso kwa uso, na hapakuwa na upole katika macho yake.

"Uko unanipunguzia," alisema chinichini.

"Nimesema ile umesema."

"Nilikufuata miaka yote nikisikiliza vile unasema. Usinidanganye mie." Akaisogelea meza, akaweka Biblia yake chini. "Unazania sijui unataka nini? Kama uko na mahubiri yako, yatoe. Nafasi njo hii."

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika kanisa lile. Aliondoka katikati, akampita Murekatete, akasimama kushoto, nusu hatua nyuma, mahali pa mkalimani, mikono amefumbata kifuani. Angeweza kurudia maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili na kumaliza shida. Hakufanya hivyo. Alisimama tu, amekasirika, anangoja.

Mchungaji Gakwaya aliinuka nusu, akakaa.

*

Basi Murekatete alikuwa na kile alichokitamani. Mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu. Kanisa zima lilimtazama yeye, wa mbele na wa nyuma. Alimtafuta Haruni. Miaka alikuwa amemlea, na sasa alipomwita hakuja. Vituo vyake vyote, mwanzo wake mzuri, vilikuwa vimeruka kama ndege waliosikia jiwe. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa mlango. Uliegemea mti, umepakwa makaa, na tundu lake la kufuli.

Alimtazama Mama Nyirabagenzi. Mama yule alikuwa amekunja tena kiganja nyuma ya sikio. Hakujua kwamba alikuwa ameibiwa. Kila Jumatano alikuwa amekuja na sikio moja zima na kulikabidhi kwa binti wa maktaba.

"Haukuwa ubao," alisema Murekatete.

Akanyamaza. Hakukusudia, ilikuwa mazoea ya kazi, kuacha nafasi baada ya sentensi ili mwingine aijaze. Ila hapakuwa na mwingine. Kimya kikakaa katikati ya kanisa, kikawa kirefu, na mtu akasogeza mguu kwenye sakafu. Nje fimbo moja ilianguka mlangoni.

Kisha, kutoka kushoto, nusu hatua nyuma, sauti kavu ikasema:

"Ce n'était pas un tableau."

Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka ingekoma.

"Ulikuwa mlango."

"C'était une porte."

Hapakuwa na mtu hata mmoja katika nyumba ile aliyekihitaji Kifaransa kile. Wa mbele walikuwa wameusikia mlango huo tayari. Wa nyuma hawakukijua. Mchungaji Gakwaya alikuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyekuta paa limejengwa chini na msingi juu. Lakini sentensi za Murekatete zilitoka moja moja, na kila moja ilipotoka ilikuta mtu ameisimamia. Alisema juu ya misumeno iliyokimbia. Alisema juu ya Papa Hilaire na wajukuu wake wanne, na gunia, na mvua iliyoingia kulala ndani, na akina mama wa nyuma wakaanza kuitikia, "Ee, ee," kwa sababu mvua hiyo waliijua. Mikono yake ilikuwa imetoka mgongoni, hakukumbuka lini. Alipoinua wa kulia kuonyesha namna mzee alivyoubeba mlango kichwani, pembeni mwa jicho lake mkono mwingine uliinuka.

"Akamwambia: mulango umeishazoea watoto," alisema, kwa Kiswahili cha nyumbani, kama mzee mwenyewe angelisema. "Kwangu utaona upweke."

Nyuma walilipuka. Mama Nyirabagenzi alimpiga jirani yake pajani. Wachunga ng'ombe walicheka kwa kutikisa mabega, na mzee mmoja alirudia, "Utaona upweke, sikia huyu, utaona upweke," akijifuta macho. Daphrose akangoja kicheko kishuke, akaligeuza neno lile kwa Kifaransa. Na wanafunzi wa mbele, waliokwisha kulisikia mara mbili, wakacheka tena.

Kicheko hicho cha pili kilikuwa kidogo. Hakikutoka kwa watu walioelewa kitu kipya. Kilimfikia Murekatete kutoka mbele, mahali ambapo kicheko cha pili hakikuwahi kutokea, na alijikuta ameushika ukingo wa meza.

"Niliwaambia amesema kazi ya ualimu ni nzuri," alisema. "Hakusema hivyo."

Akaacha nafasi.

Sentensi hiyo Daphrose hakuitafsiri. Aliipita, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani akiwa amemshika mwenzake mkono. Murekatete akangoja, akaelewa, akaendelea.

Akasema yaliyobaki, juu ya watoto wengi na mikono miwili, juu ya mashimo, juu ya lori.

*

Baada ya ibada Mchungaji Gakwaya aliwafuata wote wawili, mkono mmoja juu ya tumbo, na macho yakiwa na swali kubwa kuliko lile alilolitoa.

"Mulipanga vile?"

"Tulipanga, Pasta," alisema Daphrose.

"Mungeniambia." Akafikiri kidogo. "Ilikuwa muzuri. Ilikuwa kinyume, lakini muzuri." Akaondoka akitikisa kichwa. Kwenye ngazi walimsikia akimwambia mtu kwamba chuo siku zote huwaandalia wanafunzi wake njia mpya.

Manzi alikuwa akizunguka karibu na kiti cha mgeni kama kuku asiyejua pa kutagia.

"Dada Daphrose, kule simu iko na réseau?"

"Ukipanda muti."

"Muti gani?"

"Mrefu."

"Kupanda najua," alisema Manzi. Akasugua shingo. "Sijasema nakuja. Nauliza tu. Muntu anaweza kukaa juu ya magunia?"

"Kama ni mwembamba."

Alikwenda kuwatafuta wenzake, na baada ya muda sauti yake ikasikika uani ikieleza habari za mti ambao hajauona, jinsi ulivyo mrefu, jinsi anavyokusudia kumpigia simu mama yake kutoka kileleni. Wenzake walimcheka. Murekatete alisimama dirishani akimtazama, na kitu kile kikamkwama tena kifuani. Alikitambua mara moja. Kilikuwa kimelala naye tangu Jumatatu. Hakikuwa kimeondoka. Ila hakikutazama tena kiti chenye mto. Kilimtazama kijana mwembamba aliyekuwa akicheka uani, ambaye karibuni angeuona mlango ule kwa macho yake, naye akiwa hajui kwamba ni jambo la kuonewa wivu.

Walibaki wawili. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyedai. Daphrose alijitupa kwenye kiti, akavua buti moja, akauchezesha mguu. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Alikisukuma juu ya meza.

"Malizia. Tumbo yangu imesahau maziwa."

"Ni kikombe cha mugeni."

"Njo maana."

Murekatete alikishika pale kilipobanduka. Maziwa yalikuwa yamepoa, na utando mwembamba ukamshika mdomoni. Aliyanywa yote, polepole, amesimama. Kisha akakaa kwenye benchi la mbele, mahali pa wanafunzi, kikombe kikiwa mikononi mwake.

"Ule mulango," alisema hatimaye. "Chaki inashika?"

"Inashika. Isipokuwa upande wa bawaba. Pale palisuguliwa na miaka, chaki inateleza."

"Sasa munafanya nini?"

"Tunaacha tupu."

Murekatete aligeuzageuza kikombe. "Ungesugua kwanza na majani ya musasa," alisema. "Halafu ukapaka makaa mara ya pili. Ingeshika."

Daphrose aliacha kuuchezesha mguu.

Chini ya kilima kwato zilisikika. Ng'ombe wa mtu walikuwa wakipita kwenda mtoni, wengi, bila kengele hata moja. Wote wawili waligeuka kutazama.